Gari Langu Lilivyoanza Kushika Watu

Wa kwanza kushikwa alikuwa mke wangu. Tunakwenda harusini, tumechelewa kama ilivyo ada yetu, naye yuko ndani ya gauni jeupe ambalo ndilo lililotuchelewesha. Akavuta mlango wa gari. Mlango ukafungika, mkono ukabaki. Ulipobanduka ulitoa sauti ya plasta inayovuliwa kidondani, naye bila kufikiri akajipangusa pajani. Vidole vitano vyeusi vikajipanga kwenye lile gauni kama ushahidi wa mahakamani.

"Hivi gari hili unaliosha?"

Ninaliosha! Hilo ndilo lililoniuma. Jana yake tu nilikuwa nimeusugua ule mlango kwa sabuni, na kadiri nilivyosugua ndivyo ulivyozidi kunata.

Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba ule haukuwa uchafu. Plastiki ngumu za ndani ya magari mengi hupakwa rangi laini ya poliyurethani, ukigusa uhisi mpira au ngozi, usijue kwamba chini yake ni plastiki kavu kama sahani. Miaka ikipita, unyevu wa hewa unaikatakata ile rangi ndani kwa ndani. Jua likilipika gari lililoegeshwa, mambo yanakwenda mbio zaidi, na mafuta ya mikono yetu yanamalizia kazi. Rangi inarudi kuwa utomvu. Hata magari ya kifahari ya Italia ya miaka ya 1990 na 2000 yanaugua maradhi haya, habari iliyonifariji dakika mbili nzima, kwa sababu mke wangu hakuwa ameniuliza habari za Italia.

Dawa ya kwanza niliyojaribu ni poda ya mtoto. Kinachonata kikipakwa poda hakinati, au siyo? Hakikunata, kweli, kwa siku mbili. Ila dashibodi ilipauka kama goti la mtu aliyesahau kujipaka mafuta. Siku ya tatu ule utomvu ukainywa poda yote, tukabaki na gari linalonata na kunukia kitoto.

Dawa ya pili niliichukua mezani kwa mke wangu bila ruhusa: asetoni ya kuondolea rangi ya kucha. Kama utakumbuka kitu kimoja tu katika kisa hiki, kumbuka hiki. Asetoni haichagui. Inakula rangi, na ikimaliza rangi inaanza plastiki yenyewe. Nilibonyeza kitambaa kwa kidole gumba pembeni ya redio, nikahesabu hadi kumi, nikainua. Pale pamebaki shimo la kina kidogo lenye mistari yote ya kidole changu. Polisi wakinitafuta siku moja hawatahitaji wino.

Alikuwa shemeji yangu, kaka wa mke wangu, fundi wa kila kitu na msemaji wa kila kitu, aliyeniletea alkoholi ya isopropili, aina ya spiriti ya kusafishia. "Fungua milango yote, shemeji," akasema, "moshi wake unalewesha na unashika moto. Na usikwangue kwa kisu."

Hapa niacheni nijisifu kidogo. Unalowesha kitambaa, unakilaza juu ya mshikio wa mlango kama unayemkanda mgonjwa, unangoja dakika chache. Kisha unachukua kadi ya zamani ya plastiki, unaisukuma taratibu kwa ubapa. Ile rangi inajikunja, inakusanyika mbele ya kadi, nyeusi na nzito kama lami iliyopigwa na jua, halafu inajiviringisha yenyewe vijiti vijiti. Unafuta, unalowesha tena, unasukuma tena. Fulana zangu tisa za zamani zilikufa siku ile, na kucha zangu zilikaa wiki nzima kama za fundi wa gereji. Lakini chini ya yale matope ilitokea plastiki safi, nyeusi, ngumu, inayong'aa kidogo. Niliipitisha mkono. Mkono ukaenda, mkono ukarudi. Nilimwita mke wangu aje aguse. Akagusa kwa kidole kimoja, akakitazama kile kidole, akaingia ndani bila neno. Katika ndoa yetu hiyo ni tuzo.

Ningeishia pale.

Shemeji alisema niishie pale. Alisema, "Shemeji, vitufe viache." Lakini mtu aliyeshinda milango minne hawezi kutishwa na vitufe. Navyo vilikuwa vinanata, tena kuliko vyote. Nikavipitia vyote kwa spiriti: vya upepo, vya baridi, vya vioo, vya redio. Rangi ilitoka kirahisi mno. Ile picha ndogo ya feni ikatoka nayo, na kile kiti kidogo, na ile mishale yote.

Kumbe vile vitufe ni plastiki nyeupe inayopitisha mwanga. Juu yake kiwandani wanapaka rangi nyeusi, kisha leza inachoma ile nyeusi kwa umbo la feni au mshale, ili usiku mwanga upenye pale tu. Kwa maneno mengine, nilichokuwa nimekisafisha ni maandishi. Jioni nilipowasha taa, kila kitufe kiliwaka kizima kizima, cheupe pe, kama meno ya bandia kwenye glasi. Kipi ni kipi, Mungu ajua.

Jumapili yake nikatumwa kumchukua mama mkwe. Akakaa mbele, mimi usukanini, mke wangu nyuma. Tulipoianza barabara kuu akasema kwa upole, "Baba, naomba unipunguzie huo upepo, mgongo wangu huu haupendi baridi."

"Sawa, mama," nikasema, nikabonyeza jino mojawapo. Upepo haukupungua. Nikabonyeza la jirani yake. Wipa ya nyuma ikaanza kufuta kioo kikavu. Nikabonyeza la tatu, upepo ukanyamaza, nikajiona rubani.

Baada ya mwendo kidogo nikamwona mama mkwe anajisogeza kushoto. Kisha kulia. Kisha akajiinua kwa kutumia mshikio wa mlango (ule mshikio safi, naomba itambulike) na kukaa hewani.

"Mama, uko salama?"

"Niko salama, baba."

Jasho linamtiririka. Kwa adabu aliyonayo yule mama angeweza kuungua hadi tunafika. Hatimaye akageuka nyuma akamnong'oneza bintiye jambo ambalo sikulisikia, na mke wangu akapeleka mkono haraka kwenye kiti cha mama yake, akapapasa, akautoa.

"Kikavu, mama," akasema. "Lakini kina homa."

Nilikuwa nimewasha hita ya kiti. Kwenye kiwango cha juu. Na sasa sikujua kuizima, kwa sababu sikumbuki ni jino lipi, na kila nililojaribu lilileta balaa jipya. Tulimalizia safari vioo vinne wazi, redio inakoroma, wipa inafuta jua.

Tulipofika, mke wangu alitoa stika ndogo na kalamu, akakaa garini saa nzima akibonyeza na kuandika. UPEPO. BARIDI. KIOO CHA NYUMA. Kimoja kilimshinda, akakiandika SIKUJUI. Nikafungua mdomo kusema kuna rangi za kupaka upya plastiki zirudi kuwa laini kama zamani, akanitazama, nikaufunga.

Jioni ile ile mama mkwe akapiga simu. Nikajiandaa kuomba radhi. Akaniuliza, "Baba, kile kiti ulikifanyaje? Mgongo umeachia."

Siku hizi akipanda haulizi tunakwenda wapi. Anavaa miwani, anaisoma mistari ya stika kwa kidole mpaka afike pale mke wangu alipoandika MGONGO WA MAMA, anabonyeza mwenyewe, anafumba macho.