Mgongo wazi, unga wa mashineni na hesabu ya siku 28

Uyole, Mbeya, kwenye mashine moja ya kusaga, nilimwona mama akimzuia mwenye mashine asimtilie virutubishi kwenye unga wake. "Mahindi nimelima mwenyewe, sitaki kuwekewa dawa." Mwenye mashine hakubishana. Alizima kifaa cha kudondoshea virutubishi, akamsagia dona lake, akapokea hela. Mama yule nilimwelewa. Lakini kadiri ninavyofuatilia jambo hili, ndivyo ninavyoona kwamba wanaotaka unga uongezwe virutubishi hawajaeleweka kabisa kwa watu wetu. Wanaambiwa ni biashara, ni mradi wa wageni. Wapo wanaonong'ona kuwa ni uzazi wa mpango wa kificho. Mgongo wa mtoto, ambao asidi ya foliki iliyomo kwenye virutubishi hivyo inaukinga, hautajwi.

Mtoto anayezaliwa na mgongo wazi, ambao mara nyingi huandamana na kichwa kikubwa, aliupata zamani sana, wakati mimba ikiwa changa kuliko mtu anavyofikiri. Ubongo na uti wa mgongo huanza kama utepe unaojikunja ukawa mrija, kisha ukajifunga. Kazi hiyo inamalizika ndani ya siku 28 tangu mimba itungwe. Tupige hesabu taratibu. Mimba ikitungwa leo, hedhi inatarajiwa baada ya wiki mbili hivi. Ikichelewa wiki mbili nyingine, siku 28 zimetimia. Sasa mfikirie mwanamke wa Ileje au Mufindi katika msimu wa palizi, anayeamkia shambani na kurudi jioni na kuni kichwani. Hedhi kuchelewa wiki mbili atasema ni uchovu. Siku atakapojihakikishia kuwa ni mjamzito, mrija umeshajifunga, au umeshindwa. Na nchini mwetu chini ya nusu ya wajawazito huanza kliniki ndani ya miezi mitatu ya kwanza. Anayefika mwezi wa tano anapewa FEFO, vidonge vya madini chuma na asidi ya foliki, na ameze kweli, maana zinamlinda na upungufu wa damu. Ila kwa mgongo wa mtoto zimechelewa miezi mitatu na zaidi.

Ndiyo maana nauona mzito upande wa unga. Kinga hii inatakiwa iwe mwilini kabla mwanamke hajajua lolote, na kinachomfikia kila siku bila kusubiri kadi ya kliniki ni ugali. Asidi ya foliki si jambo la kubahatisha. Utafiti uliochapishwa Uingereza mwaka 1991, kwa wanawake waliokwisha kupata mimba yenye tatizo hili, ulionyesha kuwa dozi ya miligramu 4 kwa siku ilipunguza kujirudia kwake kwa asilimia 72. Afrika Kusini, wala ugali wenzetu, walilazimisha unga wa mahindi na wa ngano uongezwe virutubishi mwaka 2003, na watoto wenye matatizo ya aina hii wakapungua kwa takriban theluthi moja.

Wanaopinga wana hoja. Wanasema tule vyetu: maharage, mboga za majani, parachichi za Rungwe na Njombe. Ni kweli, folati, yaani foliki ya asili, imo humo. Lakini mboga tunazichemsha sana, tena wengi tunamwaga maji, na folati ya asili mwili huipokea kidogo kuliko ile inayoongezwa kwenye unga. Tena kuwa na chakula ghalani hakujatupa lishe. Iringa ni ghala la taifa, na utafiti wa afya wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 56.9 ya watoto wake walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Udumavu na mgongo wazi ni mambo mawili tofauti, lakini takwimu hiyo inaniondolea imani kwamba shamba peke yake litatosha.

Hoja inayonisumbua ni ya mwenye mashine. Tangu mwaka 2011 kanuni zinadai unga wa mahindi uongezwe virutubishi, na kiwanda kinachofungasha unga ni rahisi kukikagua. Mashine ya kijijini haiuzi unga, inauza kusaga. Mteja analeta debe lake na kulipia kusagiwa. Virutubishi alipe nani? Kifaa kikikosewa vipimo, nani atajua? Na Kyela wanakula wali, Rungwe ndizi. Unga hauwafikii wote sawa.

Lazima pia tuseme wazi kwamba foliki haizuii kila kasoro. Mdomo sungura, matatizo ya moyo na mguu kifundo vina sababu nyingi, na nyingine hazijulikani. Kisukari kisichodhibitiwa, pombe na baadhi ya dawa za kifafa, hasa valproate, huongeza hatari; mwenye kifafa aongee na daktari kabla ya kubeba mimba, wala asiache dawa kwa uamuzi wake. Hata sumu ya ukungu wa mahindi iitwayo fumonisini inashukiwa, kwa hiyo kukausha mahindi vizuri kunahusika.

Utrasaundi kabla ya wiki ya 24 inaweza kuuona mgongo wazi mapema, mama akajifungulia penye daktari wa upasuaji, kwa kuwa mgongo unapaswa kufungwa ndani ya siku mbili tatu. Kutoka Mbeya hadi MOI, taasisi ya upasuaji wa mifupa na ubongo iliyoko Dar es Salaam, ni zaidi ya kilomita 800. Mzazi aliyejua mapema anajipanga. Asiyejua anapanda basi na kichanga chenye kidonda. Njiani amesikia ya ukweni: mkosi, amerogwa, alikula nini. Mama huyo hakukosea kitu. Mrija ulijifunga vibaya yeye mwenyewe hajui kama ana mimba.

Jibu langu kwa mwenye mashine ni kwamba gharama ya virutubishi asiachiwe yeye wala mwenye debe. Halmashauri ziibebe, kama serikali inavyobeba chanjo, na mkaguzi apite na kipimo. Anayepanga mimba leo asisubiri: mikrogramu 400 za asidi ya foliki kila siku, kuanzia angalau mwezi mmoja kabla hadi wiki ya 12. Aliyewahi kuzaa mtoto mwenye mgongo wazi anahitaji dozi kubwa mara kumi, na hiyo aandikiwe na daktari.