Mawese na Kitambaa Cheupe Havikai Nyumba Moja

Jamani, nani alipitisha kwamba sebule ya mtu wa Kigoma lazima iwe nyeupe? Nauliza kwa nia njema kabisa. Mji wenyewe udongo wake mwekundu. Kiangazi vumbi linaingia hata pale hewa ilipokataa kuingia, masika tope linafika hodi kabla ya mgeni, na chakula chenyewe ni migebuka, samaki wa ziwani, inayoogelea kwenye mawese. Halafu mtu mzima na akili zake anapanda daladala hadi sokoni Mwanga kununua uzi mweupe. Anafuma kitambaa cha kochi, cha meza, cha redio, cha jagi, cha rimoti, na kingine cha kufunika kitambaa cha kwanza kisichafuke. Ujiji, hapa hapa Kigoma, ilimpokea Stanley, yule aliyekuja kumtafuta Livingstone, mwaka 1871, katoka mbali na vumbi lake lote, na sijasikia kwamba aliambiwa asiegemee. Leo baba mwenye nyumba anakaa kwake upande upande, mgongo wima, kama mzazi aliyeitwa kwa mwalimu mkuu.

Sipingi mapambo. Napinga mapambo yasiyo na hesabu. Kitambaa cha mgongo wa kochi, kwa mfano, kinatakiwa kishuke nyuma angalau sentimita 30, ili uzito wake ukivute. Wafumaji wengi wanaishia pale macho ya wageni yanapoishia. Nyuma zinabaki sentimita tano, ukiegemea tu kinateleza, kinakuangukia shingoni, na kesi inakuwa yako. Dawa ipo na haigharimu kitu. Chukua mguu wa suruali ya jinzi iliyochoka, kata mkanda wa upana wa kiganja, ushone kwenye ukingo wa chini wa kitambaa, kisha uuchomeke ndani kabisa kwenye ule mfereji kati ya mto wa kukalia na mgongo wa kochi. Jinzi ni nzito na inakwaruza, haitoki. Hakuna atakayeiona isipokuwa anayetafuta shilingi mia zilizodondoka.

Kuna wanaotaka kitambaa kisimame chenyewe, kiwe kigumu. Hapo ndipo muhogo unapoacha kuwa chakula. Paruza muhogo mbichi, ukamue kwenye maji kwa kitambaa safi, acha yale maji meupe yatulie kama saa moja, mwaga ya juu. Kilichoganda chini ndio wanga. Kijiko kimoja cha chakula kwa nusu lita ya maji kinatosha. Ukoroge kwanza kwenye maji baridi kidogo, robo kikombe hivi, ndipo uumimine kwenye maji yanayochemka huku unakoroga, mpaka ule weupe ugeuke uwe angavu. Ukiutupa mkavu kwenye maji ya moto unajifunga madonge, na madonge hayo yatakaukia kwenye kitambaa yakiwa na sura ya kamasi. Ukizidisha, ukatia vijiko vitatu vinne kwa tamaa, kitambaa kinakuwa bati, kinakatika palipokunjwa. Halafu jueni jambo moja: mende wanapenda wanga kuliko sisi. Kitambaa kilichotiwa wanga kikiwekwa kabatini miezi miwili kinatoka na matundu ambayo hayakuwemo kwenye mchoro.

Sasa siku inafika, na lazima ifike, tone la mawese linatua katikati ya ua. Nyumba nzima inasimama. Mmoja analeta maji ya moto, mwingine anasugua kwa kanga, wa tatu anatafuta nani alikaa pale. Acheni kusugua! Kusugua kunasambaza mafuta, doa la ukucha linakuwa la kiganja. Kwangua ya juu kwa kijiko, paka sabuni ya mche ikiwa kavu juu ya doa, acha dakika kumi na tano, kisha fua kwa maji ya uvuguvugu, na urudie hadi utelezi uishe. (Sabuni zenyewe za huku nyingi zimepikwa kwa mawese. Mnamfulia mtu kwa ndugu yake.) Utabaki unjano. Huo si mafuta tena, ni rangi, ileile iliyomo kwenye karoti, na adui yake ni jua. Anika kitambaa kikiwa kibichi, juani kabisa, upande wa doa ukitazama juu, kesho na keshokutwa tena, utaona unafifia wenyewe. Kosa linaloua vitambaa vyote ni kupiga pasi kabla unjano haujaisha. Pasi inapikia doa ndani ya uzi, na hapo hata Ziwa Tanganyika lote halitoshi.

Mwenye busara angeweka kitenge tangu mwanzo. Kitenge kina rangi ya machungwa tangu dukani, mawese yakidondoka yanaonekana sehemu ya ua. Ila sasa ngoja tufike kwenye mapazia.

Mapazia ya watu wengi ni mafupi na yamebana, yaani dirisha limevaa kaptula. Sababu ni kwamba wanapima dirisha, hawapimi pazia. Dirisha la upana wa sentimita 150 linataka kitambaa cha mara mbili ya hapo, 300, ndipo yapatikane yale mawimbi. Pisi moja ya kitenge ni yadi 6, karibu mita tano na nusu, na upana wake ni kama sentimita 115. Kama unataka pazia lishuke sentimita 150, kata vipande vya 168: 10 za pindo la chini, 8 za njia ya kupitishia bomba. Pisi inakupa vipande vitatu. Kimoja kikate katikati kwa urefu, kila nusu iungwe kwenye kipande kizima, una mapazia mawili ya mtu mzima, na kinachobaki kinatoa mikanda ya kufungia. Hesabu hiyo fundi cherehani anaijua sana. Usipoijua wewe, kile kinachobaki utakiona mwezi ujao mtoto wake amekivaa.

Kabla ya kukata, fua. Kitenge kipya kina gundi ya kiwandani na kinarudi kikifuliwa. Ukishona kwanza, baada ya kufua mara ya kwanza pazia linapanda, jirani anajua mmekula nini. Na uangalie mchoro. Kitenge chenye ndege au samaki kina juu na chini, na hakuna kinachotia kisirani kama kulala unatazamana na kanga aliyening'inia miguu juu.

Kulitundika nako ni ugomvi. Wengi wananunua ule waya wa springi, wanaukaza kwa misumari miwili, wanashangaa kwa nini katikati pamelegea. Waya huo ni wa dirisha dogo. Kitenge cha mita tatu ni kizito, kinataka bomba. Na msumari wa inchi mbili kwenye ukuta wa tofali haushiki vya kutosha, mtoto akilivuta pazia mara moja vyote vinashuka na kipande cha ukuta. Toboa kwa drili ya milimita 8, ingia ndani sentimita sita, pulizia vumbi litoke, weka plagi ya plastiki, kisha skrubu. Vumbi likibaki, plagi inazunguka haishiki. Kama tofali ni bichi, plagi usihangaike nayo. Toboa tundu pana zaidi, gongomea kipande cha mti mkavu kilichochongwa kikaingia kwa nguvu, skrubu ishike mti. Nimesema mkavu. Mti mbichi utasinyaa humo humo, mwezi wa pili bomba liko chini.

Kuhusu kuta nitakuwa mfupi maana hasira zinanipanda. Chokaa si uji. Kilo 5 za chokaa, kilo 1 ya chumvi (ya Uvinza iko karibu, msiagize ya mbali), maji mpaka iwe nyepesi kama maziwa, ilale usiku kucha, asubuhi uichuje. Chumvi inashika unyevu ili chokaa ikomae polepole, isigeuke unga. Lowesha ukuta kwanza. Ukipaka itaonekana kama hujapaka kitu, na hapo ndipo mafundi wa nyumbani wanapopagawa wanaongeza unga. Ikiwa nzito inapasuka na kubanduka. Ivumilie, ikikauka inang'aa. Kesho rudia, keshokutwa tena. Macho yafunikwe, inachoma. Sehemu ya chini yenye mikono ya watoto, mita moja kutoka sakafuni, paka rangi ya mafuta ya kahawia, lakini chokaa ya hapo ikwanguliwe yote, maana rangi ya mafuta juu ya chokaa inatoka na gamba lake.

Haya, nyumba imependeza. Wageni wamekuja. Wanakula nini? Hapa nina manung'uniko makubwa zaidi.

Siku hizi mapambo yamehamia kwenye sufuria. Dagaa wa Kigoma, dagaa wenye jina lao nchi nzima, wanakatiwa karoti za mviringo na hoho za rangi tatu. Kwa nini? Dagaa hataki pambo, anataka kuoshwa! Waliokaushwa mchangani wanakuja na mchanga wao. Watu wanawaosha kwenye chujio, mchanga unabaki hapo hapo unazungushwa tu. Chukua robo kilo, wakaange wakavu kwenye sufuria dakika tatu, watie kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, wavuruge, kisha wainue kwa mikono. Usimwage maji wakiwa ndani! Mchanga ni mzito, umeshakaa chini. Badilisha maji, rudia, mpaka ukipapasa chini ya beseni pawe laini.

Mawese vijiko vinne, yachemke taratibu dakika mbili tatu mpaka ule ubichi wa harufu uishe. Ukiona moshi mweupe na wekundu unapauka, umeshayaunguza, utapata uchungu na nyumba ya kukohoa. Vitunguu viwili, nyanya nne ziive mpaka zisahau kuwa zilikuwa nyanya, ndipo dagaa, ndimu moja, pilipili nzima isiyopasuliwa. Dakika kumi. Chumvi mwisho, baada ya kuonja, maana wengine walishatiwa huko walikotoka. Na ukienda mwalo wa Kibirizi wakati wa mwezi mpevu ukakuta bei imepanda, usimtukane muuzaji. Wavuvi wanavua usiku kwa taa, na mwezi ukiwaka taa zao hazina la kumwambia dagaa.

Migebuka nayo inateswa na mwiko. Nyama yake laini, ukiikoroga unapata mchuzi wenye miba. Ikate, itie chumvi na ndimu dakika ishirini, ipangwe juu ya rojo lililoiva, maji nusu glasi, funika. Robo saa. Katikati shika sufuria kwa matambara pande mbili, uitikise. Ikishuka jikoni iache dakika kumi ikaze kabla ya kupakua.

Ugali wa muhogo ndio mtihani wa mwisho. Unga wa muhogo hauanzi na uji kwenye maji baridi kama wa mahindi. Ukifanya hivyo umetengeneza gundi, bandikeni magazeti ukutani. Maji yachemke haswa, yawe yanaruka, unga uingie kwa wingi, sufuria ishuke chini, songa kwa nguvu zote ukigandamiza upande wa sufuria. Madonge yakitokea ni kwa sababu maji hayakuchemka au mkono umechoka. Mkono ukichoka muite kijana wa nyumba, yule anayeshinda kwenye simu.

Na sufuria yenye ukoko, tafadhali, maji ya baridi, isubiri saa moja, gamba litainuka lenyewe. Atakayeikwangua kwa kisu awe na pesa ya sufuria nyingine.