Babu Yuko kwa Kinyozi, Sisi Tuko Matangani

Kabla hamjaendelea kusambaza ile sauti ya dakika nne ya rafiki yangu (mnamjua, mdomo wake haujawahi kuwa na mlango), anayosimulia yaliyonikuta siku ya maonyesho yangu ya picha kijijini, naomba nisahihishe mambo mawili. Kwanza, sikuzimia. Pili, rambirambi niliyopokea kivukoni ilikuwa shilingi 2,000, siyo 20,000. Mengine yote aliyosema, kwa bahati mbaya, ni kweli.

Maonyesho yenyewe mnayajua, nimewachosha nayo mwezi mzima. Picha kubwa 14 za wazee wa kijijini kwetu, upande wa Sengerema, kila mmoja na maisha yake yameandikwa chini. Yumo bibi mkunga. Yumo fundi mitumbwi. Yumo manju mstaafu, yaani kiongozi wa ngoma za Kisukuma, wa kundi la Bagalu, ambaye alitoa sharti moja tu: picha yake isitundikwe karibu na ya mzee yeyote wa kundi pinzani la Bagika, maana wale aliwashinda kwenye ngoma na hataki waanze tena ubishi ukutani. Yumo bibi anayelikumbuka ziwa kabla sangara hajalitawala. Anakutajia samaki wa zamani, furu na ningu, kama mtu anayetaja ndugu zake waliotangulia.

Na yumo Babu Karani. Huyu ni mdogo wake babu mzaa mama, kwa hiyo ni babu yangu kabisa. Jina alilipata kwenye mizani ya pamba ya chama cha ushirika. Yeye ndiye alikuwa anatia mkono kwenye mzigo wako, anavuta nyuzi kidogo, anazitazama juani, halafu anatamka: safi. Au anatamka: fifi, na wewe unarudi nyumbani na hela ya pamba fifi huku umekasirika. Kuna bibi kijijini hajamsamehe mpaka leo kwa gunia moja la enzi hizo. Mwaka 1976 serikali ilipovunja vyama vya ushirika, Babu akarudi kwenye nyavu, lakini kalamu hakuiweka chini. Kila deni la kijiji analo kwenye daftari.

Tulimpiga picha kwenye ghala la zamani la pamba, pembeni ya mizani. Mimi ndiye niliyemwambia, "Babu, tazama juu kidogo, kule mbali, mwanga ukutue usoni." Akatazama. Nilipoiona nikasema hii ndiyo picha bora ya maisha yangu. Ukiitazama sasa hivi, unaona mzee anayewatazama malaika wakimpungia mkono.

Picha 13 zilitoka vizuri. Ya Babu iliandikwa "Babu Karanga". Ikabidi irudiwe, na Ijumaa jioni yule kijana wa uchapaji hayupo, nikamkuta mwenzake. Duka silitaji. Nilichokuja kugundua baadaye ni kwamba huyu wa pili kazi yake kubwa ni misiba: mabango, flana, vile vitabu vya ibada. Akageuza picha kuwa nyeusi na nyeupe, akasema inaleta heshima. Akaweka utepe wa zambarau kwenye kona. Juu akaandika HISTORIA FUPI YA MAISHA YAKE kwa herufi za kuremba. Chini ya jina: 1943, halafu kistari, halafu hamna kitu.

Nikamuuliza, "Hiki kistari cha nini?"

"Ndivyo zinaandikwaga hizi, kaka. Hapo mbele mtajaza wenyewe."

Na mimi, mtu mwenye akili zangu na cheti cha kidato cha sita, nikasema sawa. Walikuwa wanafunga duka.

Jumamosi asubuhi nikaonana na Babu mjini Mwanza. Alikuwa kwa mwanawe pale Igoma toka Alhamisi, amekuja kuangaliwa macho. Sasa anataka kunyolewa kwanza, hawezi kwenda kwenye sherehe yake na mvi zimesimama, na kwa kinyozi kuna foleni. "Tangulia na picha," akasema, "mimi nakuja na kivuko kinachofuata." Simu yake kazima kama kawaida. Babu huwasha simu pale tu anapotaka kupiga yeye. Kupigiwa anaona ni kupoteza chaji.

Kuna mtu alinishauri nizunguke na daraja la Kigongo–Busisi. Ni kweli, lile la kilomita 3 limefunguliwa toka Juni 2025, tungepaswa kulitumia. Lakini kondakta aliitazama ile fremu akaniambia nilipie siti mbili. Nikaenda kwenye kivuko cha Kamanga.

Kivukoni nikasimama na fremu nimeikumbatia kifuani, uso wa Babu umeelekea kwa watu. Jua kali, kioo kizito, jasho linanitiririka mpaka machoni nayapangusa kwa bega. Nadhani mnaanza kuiona hiyo picha, ya mimi na ya Babu. Mama mmoja mwenye ndoo ya dagaa akasogea.

"Pole sana, mwanangu."

Nikajua ni kwa ajili ya mzigo. "Asante mama, nimeshapoa."

"Ni nani wako?"

"Babu yangu."

"Alikuwa anaumwa?"

"Macho tu."

"Macho tu!" Akashika kifua. "Kweli binadamu si kitu. Na mwenyewe yuko wapi?"

"Anakuja na kivuko kinachofuata."

Nawaapia sikuwa na nia mbaya. Nilijibu nilichoulizwa. Mama akatikisa kichwa, akamwambia kijana aliyekaa pale anipishe. Nikakaa. Mzee wa jirani akavua kofia. Halafu yule mama akachukua namba yangu ya simu, akakunja noti ya elfu mbili mara tatu, akanisokomezea kwenye mfuko wa shati, na hapo ndipo nikaelewa.

Kosa langu liko hapa, nalikiri. Nilikuwa na muda wa kusema, "Mama, huyu yuko hai, ananyolewa." Lakini siti ilikuwa kivulini. Na watu sita walikuwa wananitazama kwa huruma ambayo sijaipata toka nimalize shule. Nikasema moyoni, hawa hatutaonana tena, tutashuka kila mtu na lake. Na buku mbili ile nilishaipigia hesabu ya chapati.

Nisichokiona ni jamaa mmoja wa kofia ya pama aliyesimama pale ukingoni na simu. Anaongea, ananitazama, anatazama picha, anaongea tena. Wa kijijini kwetu, kumbe.

Tuliposhuka, bodaboda akakataa kupatana bei. Akasema panda tu. Akawasha taa mchana kweupe, akaendesha taratibu, taratibu kabisa, na pikipiki mbili nyingine zikaunga nyuma. Hapo nilianza kusikia tumbo. Nikatafuta simu ipo chini ya begi: nimepigiwa mara 23.

Sasa naomba mkumbuke jambo moja. Kwenye uwanja wa ghala tulikuwa tumeshafunga turubai tangu Ijumaa, viti vya plastiki 100 vimepangwa, spika imewekwa, na kina mama wana masufuria matatu ya wali jikoni. Yote ni ya maonyesho. Yaani ule msiba haukukosa kitu hata kimoja isipokuwa picha ya marehemu, na picha ya marehemu ndiyo hiyo naileta mimi.

Nilisikia kabla sijaona. Boda ilipokata kona ya mwembe, mwanamke mmoja akaona fremu akaachia ukunga, na wengine wakaupokea. Nikashuka. Miguu ikawa kama ya mtu mwingine. Watu wakafungua njia katikati, kimya, kila mwanamume kavua kofia, na mwisho wa njia ile, juu ya mkeka, kanga kichwani, amekaa Bibi.

Bibi akainuka. Akaja mpaka kwangu. Akaipokea ile fremu kutoka mikononi mwangu kama mtu anayepokea mtoto mchanga, akashika ncha ya kanga, akafuta vumbi kwenye kioo, pale kwenye shavu. Bibi huyu toka nizaliwe nimemsikia akimwita Babu "huyu mzee wenu". "Huyu mzee wenu hajala." "Huyu mzee wenu kaficha redio." Siku hiyo akaegemeza paji la uso kwenye kioo akasema, "Mume wangu."

Nikafungua mdomo. "Bibi," nikasema, "hajafa."

Wenzangu, mmewahi kuwa msibani. Nitajieni mfiwa hata mmoja ambaye hajawahi kusema hivyo.

"Mshikeni!" mjomba akapiga kelele. "Mshikeni huyo mtoto!"

Nikasema kwa nguvu zaidi: "Hajafa jamani! Hajafa!" Kina mama wakalia upya, kwa sauti ya juu kuliko ile ya kwanza, kwa sababu yangu mimi. Wanaume wanne wakanilaza kwenye mkeka. Mmoja kafungua kamba za viatu, mwingine kalegeza mkanda, wa tatu kashika mikono. Ndoo ya maji ikaja. Ikamwagwa yote kichwani. Maji yanaingia puani, na mimi napiga kelele chini pale, "Yuko kwa kinyozi! Babu yuko kwa kinyozi!"

"Maskini," nikamsikia shangazi, "ameshaanza kuweweseka."

Hapo ndipo rafiki yangu anaposema nilizimia. Sikuzimia. Nilinyamaza kwa kukata tamaa.

Nikiwa nimelala pale nimelowa, natazama turubai, spika ikawaka. Mshereheshaji wetu wa maonyesho ndiye huyo huyo wa misiba, wala hakubadilisha hata shati. Akatangaza kwamba mwili uko njiani, na kwamba kama kuna anayemdai marehemu, ajitokeze kwa familia mapema. Jirani mmoja akasimama haraka mno. Akasema marehemu alikuwa na mtamba wake, ng'ombe jike mwekundu, wamekubaliana kwa mdomo, na shahidi wa makubaliano ni marehemu mwenyewe.

Bodaboda ikasimama barabarani. Akashuka mzee, viatu vipya. Akaona kanga, akaona watu, akavua kofia, kipara kinang'aa. Hakuuliza chochote. Babu ni mtu wa adabu za zamani, kwenye msiba huulizi ulizi. Akapita kwa nyuma taratibu, akaenda moja kwa moja kwenye meza ya rambirambi, akatoa elfu tano, akaiweka.

Kijana wa daftari hakuinua kichwa. "Jina?"

"Andika Karani."

Kalamu ilianguka kwanza. Halafu kijana. Halafu viti.

Sitasimulia yote. Wengine walikimbilia ziwani, mshereheshaji aliondoka na maiki mkononi mpaka waya ukakatika, na yule wa mtamba sijui alipitia wapi. Bibi alipiga mtu kofi moja zito. Mtu huyo hakuwa Babu.

Babu alipoelezwa alikaa kimya kama dakika nzima. Akaomba lile daftari. Akavaa miwani mipya, akashuka na kidole mstari kwa mstari, akitamka kwa sauti kila jina na kiasi alichotoa. Elfu tano: "Safi." Elfu mbili: "Safi." Akafika kwa mtu mmoja ambaye yeye Babu anamdai laki na nusu toka mwaka juzi, aliyetoa shilingi mia tano. Akavua miwani akamtafuta kwa macho mpaka akampata. "Fifi."

Wali ukaliwa. Maonyesho yakaanza saa kumi, na watu walijaa kuliko tulivyotegemea. Picha 13 zilitazamwa kwa heshima. Ya 14 watu walipiga foleni, na Babu mwenyewe kasimama pembeni yake. Nimemwambia nitaichapisha upya bila kistari, kakataa. Anasema ameshalipiwa, itunzwe.

Leo asubuhi yule mama wa dagaa kanitumia elfu tano kwenye simu, na ujumbe. Anauliza arobaini ni lini, na aje na nini.