Nta ya soya kwa mishumaa ya nadhiri: laini au ngumu?

Mshumaa wa nadhiri ni ule mdogo, mnene, wa gramu 50 au 60 hivi, unaotumbukizwa ndani ya kiglasi ndipo uwashwe. Kwa macho tu utadhani hakuna mshumaa rahisi kuliko huo kutengeneza nyumbani. Nami nilidhani hivyo. Nilinunua mfuko wa nta ulioandikwa “soya tupu”, nikaiyeyusha, nikaimimina kwenye kalibu za bati, nikaenda kulala. Asubuhi nilipindua ya kwanza nikaigonga, nikaigonga tena. Kilichodondoka kilikuwa nusu ya mshumaa. Nusu nyingine ilibaki imeng'ang'ania bati, utambi ukining'inia kama mkia wa panya.

Kosa lilikuwa langu. Nta ile haikuwa mbovu, ila ilikusudiwa kazi nyingine.

Nta ya soya ni mafuta ya soya yaliyotiwa haidrojeni mpaka yakaganda. Kadiri haidrojeni inavyozidi ndivyo nta inavyokuwa ngumu: yakishibishwa kabisa, kiwango chake cha kuyeyuka hukaribia nyuzi 70 za Selsiasi, na donge lake huvunjika kama biskuti. Wauzaji huchanganya madaraja hayo na kupata aina mbili kuu. Ya kwanza ni nta ya chombo, laini, inayoyeyuka kati ya nyuzi 46 na 50 hivi. Ya pili ni nta ya kalibu, ngumu zaidi, kwenye nyuzi 52 hadi 57. Ya chombo imetengenezwa ishikamane na glasi isiache mwanya, na sifa hiyohiyo ndiyo inayoifanya igome kutoka kwenye bati. Nta ya kalibu husinyaa kidogo inapopoa, ikajibandua yenyewe kwenye kuta.

Hadi hapo jibu linaonekana wazi: nunua ngumu. Tatizo ni kwamba mshumaa wa nadhiri una maisha mawili. Unazaliwa kwenye kalibu, kwa hiyo lazima uweze kusimama peke yake. Lakini ukishawashwa ndani ya kiglasi unayeyuka karibu wote na kugeuka bakuli la nta ya moto lenye utambi katikati. Kuanzia hapo ni mshumaa wa chombo, upende usipende. Nta inayofaa maisha ya kwanza si lazima ifae ya pili.

Ndiyo maana siwacheki wanaotetea nta laini. Huyeyuka mapema, ikatandaa hadi ukingoni bila kuacha kuta za nta zisizoungua, na wengi wanasema hutoa harufu vizuri zaidi. Hoja yao nyingine ni ya usafi: mtu aliyechagua soya kwa sababu inatoka shambani hataki kuiongezea kitu. Wengine huweka kalibu kwenye friza dakika chache ili nta isinyae kwa nguvu. Mbinu hiyo hufanya kazi mara nyingine, lakini ukizidisha muda mshumaa hutoka na nyufa nyembamba kama za chungu kilichochomwa vibaya. Na hata ukitoka mzima, siku ya joto hubonyea kwa kidole tu.

Upande wa pili unasema: ongeza kiungo, acha ubishi. Nta ya nyuki, inayoyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64, ikitiwa kwa asilimia 10 hadi 20 huifanya soya laini iwe imara na ing'ae. Asidi ya steariki huyeyuka karibu na nyuzi 69, na kiasi chake kidogo tu huongeza ugumu. Wengine huchanganya parafini (nta itokanayo na mafuta ya petroli), ambayo kwa kalibu haina mpinzani: inasinyaa vizuri, inatoka safi, inashika rangi. Hapa ndipo neno “tupu” linapoanza kuyumba. Asidi ya steariki hutengenezwa kwa mafuta ya mawese au shahamu ya wanyama, na asiyetumia vitu vya wanyama hawezi kupokea nta ya nyuki pia. Zaidi ya hapo, baadhi ya nta ngumu zinazouzwa kwa jina la soya tayari zimechanganywa na mafuta mengine ya mimea. Anayekataa kuongeza kijiko cha kiungo jikoni kwake huenda kaongezewa kiwandani.

Kwa hiyo sioni usafi kama hoja nzito katika mshumaa huu. Anayeutaka kwa dhati ana njia ya heshima: amimine nta laini moja kwa moja ndani ya kiglasi na aachane na kalibu. Atapata mshumaa mzuri sana wa chombo. Kwa anayetaka mshumaa wa kutolewa na kupangwa kwenye sinia, mimi nachagua nta ngumu ya soya, na nikiwa na laini tu kabatini natia nta ya nyuki bila aibu. Parafini naiacha, si kwa hofu ya masizi (utambi mnene kupita kiasi utatoa masizi kwenye nta yoyote ile), bali kwa kuwa nikishaitia kwa wingi sioni tena sababu ya kununua soya.

Ule ukungu mweupe unaojitokeza juu ya soya kama chumvi iliyokaukia mwilini hauna madhara. Ni fuwele za mafuta yenyewe. Kwenye mshumaa mwekundu utakukera, kwenye usiotiwa rangi huuoni.

Kinachosahaulika ni kwamba ukibadilisha nta lazima upime utambi upya. Nta ngumu inadai moto mkubwa zaidi. Nilipohamia kwenye nta ya kalibu nikabaki na utambi wa zamani, mwali ulichimba shimo katikati na kuzama humo. Nikapanda saizi moja, mambo yakatengemaa. Kiglasi nacho kiubane mshumaa: kikiwa kipana, nta hutandaa kama uji kwenye sahani na utambi hulala kabla haujaimaliza.

Siku hizi kabla ya kuyeyusha mfuko mzima namimina minne tu, kila mmoja na utambi wa saizi yake, naiacha wiki moja hadi mbili ikomae, kisha naiwasha pamoja. Saa mbili za mwanzo yote hupendeza. Mimi nasubiri robo ya mwisho, nta ikiwa majimaji hadi ukingoni, nione ni upi bado unawaka wima.