Jamani okoteni nailoni zenu pale Naivasha

Hii tabia inanikera vibaya sana. Mtu anakuja Ziwa Naivasha kuvua samaki wanaoitwa besi, amejipanga kabisa, rodi safi, rili safi, boksi limejaa chambo za plastiki za kila rangi, halafu kila akikata mshipi wake wa nailoni kile kipande anakitupa hapo hapo majini kama ganda la ndizi. Ganda linaoza bana, nailoni inakaa miaka na miaka!

Na kukata lazima utakata, besi tangu waletwe kutoka Marekani mwaka 1929 wanapenda kujificha pembeni kwenye mafunjo, ukirusha huko mshipi unasuguliwa na vijiti, ukiupitisha kwenye vidole unasikia kabisa umekwaruzika, basi unakata ile sehemu ya mwisho unafunga ndoana upya, mvuvi makini anafanya hivyo mara kibao kwa siku. Sawa. Lakini weka mfukoni! Weka kwenye chupa tupu ya soda, inakula nafasi gani?

Ndege ndio wanaumia. Mnandi anapiga mbizi anatoka amefungwa mguu, mwari ananaswa bawa, furukombe anabeba samaki na nailoni yake mpaka kiotani kwa makinda. Halafu kuna wale wanaotafuta riziki kwa mashua, nailoni yako inajisokota kwenye propela injini inazima wamekwama katikati ya ziwa na viboko wako pale, wewe saa hiyo ushafika Nairobi unaposti picha ya samaki.