Vifuko vya seli haviendi ovyo
Kuna mwandishi kasema eti vile vifuko vidogo vinavyobeba mizigo ndani ya seli vinaelea tu na kuungana vyenyewe na utando wowote vinaoukuta, hapana jamani, hapo mwandishi kapotosha. Protini za Rab zinakaa juu ya kifuko kama anwani kwenye bahasha, kinesini na daineini, yaani protini zinazofanya kazi kama injini ndogo, ndo zinakivuta, kikifika, SNARE zake (protini za kuunganisha tando) na zile za utando kinakokwenda zinajisokota pamoja mpaka tando mbili zinakuwa moja, na utafiti wa usafirishaji huu uliwapa wanasayansi Rothman, Schekman na Südhof tuzo ya Nobel ya 2013. Tena sumu ya pepopunda inakata SNARE moja tu kwenye neva zinazotuliza misuli, vifuko vyake vinashindwa kuungana na utando ili kutoa ishara ya kutuliza, mgonjwa anakakamaa mwili mzima. Sasa vifuko vingekuwa vinaungana vyenyewe, hilo lingetokea kweli?