Nani Atapokea Simu Cherehani Ikigoma?

Sindano iligonga rula. Mlio wake ni mfupi, tak!, na yeyote anayeshonea cherehani ya mkono mrefu akiusikia moyo humruka. Nilikuwa nimebakiza robo tu ya mfarishi wa mteja, pale pembezoni penye mistari iliyonyooka, ambayo kichwa cha mashine hufuata ukingo wa rula. Nikatoa sindano iliyopinda, nikaweka mpya, nikaendelea. Mishono mitatu, inaruka. Mitano, uzi unakatika. Nikatunga uzi upya kuanzia kwenye koni, nikapiga brashi kwenye bobini, kile kigurudumu cha uzi wa chini, nikabadilisha sindano tena. Wapi!

Kwa asiyezijua mashine hizi: kwenye cherehani ya kawaida unasukuma kitambaa, lakini kwenye hii kitambaa kimewambwa kwenye fremu, pamba ikiwa katikati, na wewe unashika mishikio miwili na kuendesha kichwa cha mashine juu ya reli. Fremu nyingi zinavuka mita 3 kwa urefu. Kichwa chenyewe kukinyanyua peke yako ni kujitafutia maumivu ya kiuno. Cherehani ndogo ikigoma unaibeba, unampelekea fundi, unarudi jioni kuichukua. Hii haibebeki. Ama fundi aje, ama akuelekeze kwa simu, ama ikae hapo ikikutazama.

Nilianza na fundi wa cherehani niliyemzoea. Alikuja, akaiona skrini, akarudisha bisibisi mfukoni. "Hii ni kompyuta, dada. Sitaki lawama." Namwelewa, ingawa aliogopa bure. Ukifungua chini ya bamba la sindano unakuta ndoano inayozunguka na kunasa uzi wa juu, kitu ambacho Allen Wilson alikipatia hataza Marekani mwaka 1851. Skrini inaamuru mwendo wa mota. Kushona kwenyewe ni uzi wa juu kukutana na uzi wa chini, kama zamani.

Basi nikawaandikia waliotengeneza mashine. Nikapewa namba ya malalamiko na ahadi ya kujibiwa. Jibu la kwanza likauliza kama nimejaribu kuizima na kuiwasha. La pili likataka namba ya mashine, ambayo nilikuwa nimeiandika kwenye barua yangu ya kwanza, mstari wa kwanza. La tatu likaniambia nifungue kichwa, nikifunge kwenye boksi lake la awali, nikisafirishe kiwandani kwa gharama zangu. Siku 9 zilikuwa zimekatika, na mfarishi wa watu umening'inia kwenye fremu kama samaki kwenye wavu.

Siku ya 10 nilipiga simu bila kuacha mpaka dada wa mapokezi, nadhani kwa kunichoka, akaniunganisha na fundi.

Huyo mtu hakuuliza namba ya malalamiko. Aliuliza, "Sindano iligonga nini?" Nikamwambia rula. "Basi taimingi imehama, yaani sindano na ndoano hazikutani kwa wakati wake. Toa bamba, washa tochi, zungusha gurudumu kwa mkono. Polepole. Sindano ishuke mpaka mwisho, ianze kupanda. Ncha ya ndoano ikiifikia sindano, inapita wapi?" Nikainama mpaka shavu likagusa chuma. Ilikuwa inapita chini ya tundu la sindano. "Imechelewa. Inatakiwa ipite juu ya tundu kidogo, pale sindano ilipochongwa mgongoni. Isiigonge, ila pengo lisizidi unene wa karatasi." Nikalegeza skrubu za ndoano, nikaisogeza kwa upana wa unywele, nikakaza. Nikazungusha tena kwa mkono, mara mbili, kama alivyosema. Dakika 40 jumla, pamoja na kuitafuta skrubu moja iliyoangukia zuliani.

Mishono ikatoka imepangana kama meno.

Sasa nauliza: maelezo haya yalifichwa kwa nini? Kitabu cha mashine kina kurasa nyingi za jinsi ya kubadilisha rangi ya skrini, ila kuhusu taimingi kinasema mwone fundi aliyeidhinishwa. Najua hofu yao. Mtu atalegeza asichokijua, atavunja, kisha atadai waranti. Kwa bodi ya umeme nawaunga mkono, huko na mimi sigusi. Lakini taimingi inahama kwa kugonga rula au mahali penye mapindo manene, na wenye kazi hii tunagonga. Kumnyima mwenye mashine ujuzi huo ni sawa na kumuuzia mtu baiskeli ukamkataza kurudisha mnyororo.

Niseme na upande wa pili, maana wale wa kwenye simu nao wanavumilia mengi. Sindano imewekwa kinyume. Uzi umechomoka kwenye visahani vya mkazo. Nyuzinyuzi zimejibana chini ya kile kibati cha kasha la bobini, halafu mtu anaapa mashine imekufa. Mafuta hajatia tangu ainunue, wakati tone moja kwenye njia ya ndoano lingetosha. Nami nimewahi kupiga simu kwa jambo la aina hiyo, na sitasema ni lipi.

Lililonisaidia zaidi kuongea nao ni kutenganisha ugonjwa kabla ya kupiga. Mishono ikiwa mara mirefu mara imerundikana, zima kirekebishaji cha mishono, kile kinachosawazisha urefu wake, shona kwa mwendo mmoja. Ikifungamana vizuri, ndoano haina kosa. Tazama enkoda, zile sensa zinazosoma mwendo wa magurudumu. Zipo mbili: moja ya kwenda kushoto na kulia, nyingine ya mbele na nyuma. Kosa likitokea upande mmoja tu umeshajua wa kumkamata. Mara nyingi ni waya uliolegea au gurudumu lisiloigusa reli sawasawa. Piga picha ya mgongo wa kitambaa pia. Fundi anasoma huko zaidi ya mbele.

Na anayetaka kununua, aache kwanza kuhesabu michoro iliyomo kwenye tableti, ile skrini ya kuendeshea mashine. Tableti itazeeka mapema kuliko chuma, na hapo ndipo utakapojua kama programu bado ina mwenyewe. Piga simu yao ya huduma kabla hujalipa, siku ya kazi nyingi, uone inapokelewa na nani. Uliza kama mnunuzi wa pili naye anahudumiwa. Wakianza kukuzungusha ungali na pesa mkononi, jiulize watakavyokufanya zikishaingia kwao.

Mfarishi niliumaliza usiku uleule. Mwenyewe alikuja, akaupapasa pembezoni, akasifu mistari. Ile sindano iliyopinda nimeibandika kwenye fremu kwa gundi ya karatasi. Chini yake nimeandika namba ya simu aliyonipa yule fundi kabla ya kukata, akishusha sauti: "Piga hii moja kwa moja. Ila pale mapokezi usiseme nimekupa mimi."